Hatua Mia na Hamsini na Nane

Siku mliponiaga ofisini mlinipa saa ya ukutani na chupa mbili za bia, kisha mmoja wenu akauliza kwa mzaha: "Papa, kwa jumla ulitembeaka kilometa ngapi?" Mkacheka, mkidhani nitasema sijui. Nilijua. Katika madaftari yangu ya kazi, yale ya shule yenye jedwali la kuzidisha mgongoni, ziko kilometa elfu thelathini na moja na mia nne, nazo ni zile nilizozihesabu kazini tu. Hazimo za kutoka nyumbani Kadutu, hapa Bukavu, mpaka ofisini na kurudi, wala za kwenda misa. Mke wangu anasema nikiongeza za kwenda kunywa kasigisi kwa marafiki, pombe yetu ya ndizi, nitakuwa nimeizunguka dunia mara mbili. Mtembezi hula miguu yake, na mimi yangu nimeila mpaka magotini.

Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vilikuja vichache vikaondoka vyenyewe, na mishahara mnaijua, maana ndiyo hiyo hiyo mnayoingoja mpaka leo. Nataka kuwaandikia habari za kutembea, kwa sababu ninyi mmekuja na vyombo vizuri na gari ambalo siku nyingine lina mafuta, na sijui kama kuna mtu amewaeleza kwa nini ofisi ya kupima ardhi iliwahi kumwajiri mtu kwa ajili ya miguu yake.

Ulikuwa mwaka ule nchi ilipopewa jina la Zaïre. Nilikuwa na miaka thelathini, nikichuma chai shambani upande wa Kavumu, na siku moja mkuu wa brigedi ya wapimaji, Papa Cirhuza, alikuja kutafuta mtu wa kuhesabu hatua. Alituita watu kumi na mmoja kando ya barabara, mahali palipo tambarare. Alikuwa amesimika mawe mawili, na kati yake mita mia moja kamili. Kila mmoja alipaswa kwenda kutoka jiwe hadi jiwe mara tatu, akihesabu kimya kimya. Wa kwanza alipata hatua mia na kumi na nane, kisha mia na ishirini na sita, kisha akasahau. Mwingine aliyekuwa askari alitembea kwa gwaride, akapata mia na kumi, suruali ikachanika. Mimi nilipata mia na thelathini na moja, mara zote tatu.

Papa Cirhuza alinitazama miguu, si uso.

"Weye, wakati ulikuwa unatembea, ulikuwa unafikiri nini?"

"Hakuna kitu, papa. Nilikuwa na njaa."

"Basi usishibake sana," akasema. "Kesho asubuhi, six heures, uko hapa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia serikalini. Vyombo vya brigedi vilikuwa vichache. Palikuwa na darubini ya kupimia pembe, ambayo Papa Cirhuza aliibeba mgongoni mwenyewe na hakuna aliyeruhusiwa hata kuipangusa. Palikuwa na fito za rangi nyekundu na nyeupe. Palikuwa na mnyororo, ambao kwa kweli ulikuwa utepe wa chuma wa mita ishirini, lakini wazee walikuwa wamezoea mnyororo wa kweli, jina likabaki. Na palikuwa na timazi, kile kipande cha shaba chenye ncha kinachoning'inia kwenye uzi. Zaidi ya hivyo palikuwa na mimi. Nilitembea na maharage mfuko wa kulia, na kila hatua mia nilihamisha harage moja mfuko wa kushoto. Wiki moja ya mvua huko kijijini Miti maharage yaliota mfukoni. Papa Cirhuza alisema hilo ndilo shamba la kwanza alilopata bila ugomvi wa mpaka.

Barabara, njia za vijijini na michoro ya haraka tulipima kwa hatua zangu. Kutoka juu ya milima kushuka mpaka Kamanyola nilihesabu siku tatu mfululizo, joto likipanda kadiri tulivyoshuka, na nilipofika kwenye uwanda sikuweza kusema neno lolote isipokuwa tarakimu. Maman mmoja aliyekuwa anauza mihogo kando ya njia aliniuliza bei niliyotaka kulipa, nikamjibu "elfu arobaini na mia sita". Alinipa muhogo bure kwa huruma.

Lakini shamba la mtu halikupimwa kwa hatua, na hapa naomba msome polepole. Papa Cirhuza alinifundisha wiki ya kwanza, akiwa amesimama kwenye mteremko na kunionyesha kwa kiganja. Karatasi haina mlima. Shamba likiandikwa, linalazwa chini kama nguo iliyonyooshwa. Ukipanda mlima, hatua inakuwa fupi bila wewe kujua, kwa hiyo unahesabu nyingi kuliko haki. Tena mteremko wenyewe ni mrefu kuliko ardhi iliyolazwa karatasini. Makosa mawili, na yote yanasukuma upande mmoja. Ndiyo maana mlimani wanahitajika watu wawili: mmoja juu, mmoja chini, mnyororo umeshikwa sawasawa hewani, vipande vifupi vifupi, na wa chini anadondosha timazi ili kujua mahali hasa palipo chini ya kidole chake. Ni kazi ya kuchosha mikono na kuleta matusi. Kwenye karatasi ya shamba palikuwa na nafasi ya kuandika: "kwa mnyororo" au "kwa hatua". Ya hatua haikupokelewa.

"Mulima inakulaka hatua," aliniambia. "Usiwekeke kiburi juu ya miguu."

Nilikuwa na kiburi juu ya miguu. Kila miezi mitatu tulirudi Kavumu kwenye yale mawe mawili kujipima upya, na kila mara ilikuwa mia na thelathini na moja. Watu wa barabarani walianza kuniita Citoyen Mètre, yaani Mwananchi Mita, na mimi nilipenda.

Mwaka wa nne tulikuwa Miti. Mkulima mmoja alitaka karatasi ya shamba lake, lililoanzia kwenye kijito chini na kupanda mpaka kwenye mstari wa miti ya mpaka. Juu ya miti hiyo, mpaka barabarani, palikuwa pa Maman Cibalonza na mumewe. Wao hawakuwa na karatasi. Walikuwa na ile miti, iliyopandwa na baba mkwe wa maman siku alipompa mwami, chifu wetu, ng'ombe wa kalinzi na kupewa ardhi, kama ilivyo desturi ya Bushi. Kabla ya kupima tulifanya kama inavyotakiwa: majirani walitembea mpaka wote pamoja, mashahidi nyuma yao, mti kwa mti. Walikubaliana kila mti. Kisha Maman Cibalonza alileta kasigisi, na wote tukanywa kibuyu kimoja. Shamba lile halikuwa na ugomvi hata kidogo, na nadhani hilo ndilo lililoniponza.

Papa Cirhuza alikuwa mbali, upande wa barabara, pamoja na darubini yake. Mimi na Bisimwa, mwenzangu wa mnyororo, tulikuwa ndio tunaanza kijitoni, mtu akaja mbio kumwambia Bisimwa kwamba shangazi yake amefariki Kabare. Alikwenda, kama ilivyompasa. Nilibaki peke yangu na utepe wa mita ishirini ambao mtu mmoja hawezi kuunyoosha mlimani, na mvua ilikuwa imefunga upande wa juu. Ningengoja kesho. Lakini kesho tulikuwa na kazi nyingine, na kila mtu alijua mpaka uko wapi, miti ilikuwa pale pale inaonekana, na mimi nilikuwa Citoyen Mètre. Nilipanda kwa hatua, katikati ya migomba, mvua ikanikuta njiani. Hatua mia na hamsini na nane. Nikakokotoa: mita mia na ishirini. Nikaandika kwenye karatasi "120, kwa mnyororo", nikatia sahihi. Kwenye daftari langu la mfukoni, ambalo sikuwahi kulidanganya kwa kuwa halikuwa na mkuu wa kuliona, niliandika: "158, kupanda, peke yangu."

Jioni Papa Cirhuza alichukua mnyororo akaukagua kama kila siku. Aliushika kwa muda. Kisha akatia sahihi chini ya yangu.

Ilipita miaka kumi na mitatu. Papa Cirhuza alistaafu, magoti yakiwa yamemwisha. Mume wa Maman Cibalonza alifariki. Yule mkulima wa chini alifariki pia, na watoto wake wakaliuza shamba kwa mfanyabiashara wa mjini aliyetaka kupanda kahawa. Huyu aliomba tumwekee vigingi kufuata karatasi. Alitumwa Murhula, ambaye ninyi mnamjua kama mkuu wenu. Wakati huo alikuwa ametoka tu kupata diploma, na alikuwa mpimaji safi kuliko sisi sote. Nikamsindikiza. Sikukumbuka hata ni mlima gani, mpaka nilipoona kijito.

Murhula alipima kama inavyotakiwa, mnyororo sawasawa hewani, timazi chini. Alipofika kwenye miti ya mpaka alikuwa bado na mita ishirini na sita. Akavuka miti. Akavuka shamba la migomba. Kigingi cha mwisho kiliangukia mlangoni mwa jiko la Maman Cibalonza, hatua mbili kutoka kwenye mafiga.

Alitoka na jembe mkononi. Hakulinyanyua. Aliangalia kigingi, akaangalia miti kule chini.

"Hii miti baba ya bwana yangu alipandaka," alisema. "Na bwana yangu tulimuzika pale, ku mugomba wa tatu. Sasa hata yeye atakuwa wa huyu papa?"

"Maman, papier njo inasema," yule mfanyabiashara alijibu, na wala hakuwa na sauti mbaya. "Miti haisemake."

"Maman, miye sina namna," Murhula alisema. "Tunafuata karatasi. Nyuma ya wiki mbili mujumbe wa mutawala atakuja kukubali. Ukiwa na neno, utamwambia."

Ndipo maman aliponiona. Alinitambua mara moja.

"Huyu papa alikuwaka hapa! Alikunywaka kasigisi yetu. Papa, sema. Weye uliona mupaka."

Nilisema nitaangalia madaftari yangu. Hayo tu. Niliona haya, nikajifanya nakunja mnyororo. Nimetembea milima mingi, lakini sijui mahali nilipokuwa mdogo kuliko pale mbele ya lile jiko.

Nyumbani nililipata daftari. Lilikuwa wazi kabisa, kwa mwandiko wangu. Kusema kweli kulimaanisha kukiri nilidanganya karatasi ya serikali, na watu walifukuzwa kwa chini ya hapo. Nilikuwa na watoto sita. Lakini hilo ningeweza kulimeza. Lililonikwama kooni ni sahihi ya pili. Bukavu nzima ilijua kwamba Papa Cirhuza hajawahi kumwibia mtu hata sentimita. Nikifungua mdomo, namvua mzee wangu nguo hadharani. Nisipofungua, mjane analala nje na kaburi la mumewe linapandwa kahawa.

Nilikwenda kwa Papa Cirhuza, Bagira, kwa miguu. Alikuwa ameketi mlangoni, mguu mmoja juu ya kigoda. Nilimpa daftari, nikamwonyesha mstari. Aliusoma bila haraka.

"Nilijuaka," akasema.

"Ulijuaka, papa?"

"Ile siku botte yako ilikuwa na matope mupaka ku magoti. Munyororo ilikuwa safi. Munyororo gani inapita mu migomba, mu mvua, inarudia safi?"

"Na juu ya nini ulitia signature?"

Alishusha mguu kutoka kwenye kigoda.

"Nilikuwa nachoka. Na nilikuwa nakupenda, miye. Nilijiambia: mupaka wanaijua, miti iko, nani ataumia?" Akanirudishia daftari. "Weye uliogopa mvua. Miye sikuogopaka kitu. Sasa nani aliongopa sana?"

Nililifunga daftari.

"Banasemaka njia ya mwongo iko fupi," akaendelea. "Yetu imefikia miaka kumi na tatu. Peleka hii daftari. Na jina langu usilifiche. Ukilificha, unaanza uongo ingine."

Siku ya mjumbe watu walikuwa wengi. Yule mfanyabiashara alikuja na watu wake, Maman Cibalonza na majirani wake, na Bisimwa alikuja kwa hiari yake, akisema yeye ndiye aliyekwenda mazikoni. Nilisimama nikaeleza. Nilisema: "Hii signature iko yangu. Na ile neno 'munyororo' iko uongo. Nilipanda peke yangu, kwa miguu, mu mvua. Papa Cirhuza alijua, na yeye njo amenituma niseme." Yule mfanyabiashara aliuliza kwa utulivu maman amenipa nini ili niseme leo na nisiseme zamani. Lilikuwa swali la haki.

Mjumbe alikuwa mtu wa maneno machache. Alisoma daftari, akanionyesha kijito kwa kidole.

"Tembea."

Nikashuka mpaka majini, nikapanda tena mpaka kwenye miti, nikihesabu kwa sauti ili kila mtu asikie. Hatua mia na sitini na nne. Nilikuwa nimezeeka hatua sita. Kisha Murhula alichukua mnyororo, na badala ya kumwita mtu wake alinipa mimi ncha ya chini na timazi. Tulipima vipande vya mita nne nne, vikawa ishirini na tatu, na mita mbili juu. Tisini na nne. Kwa miguu yangu, mlima ule ule ulikuwa mia na ishirini na zaidi. Mjumbe aliwaambia wang'oe kigingi cha jikoni wakakiweke kwenye miti. Yule mfanyabiashara alikunja karatasi yake, akasema aliyemuuzia ndiye atakayezungumza naye. Sikumchukia. Alinunua kosa langu kwa fedha halali.

Adhabu ilikuja kwa barua. Nimesema sitaandika habari za vyeo, basi na huko kushuka nakuruka. Niseme tu kwamba kwa miaka miwili nilibeba fito nyuma ya watu niliowafundisha kuzibeba. Papa Cirhuza alipata barua yake pia, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala, na kila aliyemtembelea alisomewa. Alifariki mwaka uliofuata. Nililia kama mtoto wake, na watoto wake wakanipa nafasi mbele pamoja nao.

Lakini bado sijawaambia kilichotokea mlimani baada ya kigingi kung'olewa. Mpaka ukishatengenezwa, lazima watu wanywe pamoja. Maman Cibalonza alileta kasigisi. Alianza na mjumbe, akampa yule mfanyabiashara, akampa Murhula na Bisimwa. Mimi alinifikia mwisho. Nilishika kibuyu, yeye hakukiachia.

"Papa, asante. Umesema. Lakini nikuulize. Hii mulima yetu, njo ile moja tu ulipandaka peke yako?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua.

"Hapana, maman."

"Iko ngapi?"

"Sijui."

"Utajua," akasema, kisha akaachia kibuyu.

Nilihesabu wiki hiyo hiyo. Ilikuwa kumi na tisa. Siku Bisimwa alipokuwa mgonjwa, siku ya mvua, siku ya njaa, siku ya uvivu mtupu. Daftari lilisema "kupanda, peke yangu", karatasi ya serikali ilisema mnyororo. Jumamosi zilikuwa za salongo, kazi za lazima za umma, na asubuhi za Jumapili za misa, kwa hiyo tulichukua mchana wa Jumapili, mimi na Bisimwa, na Murhula alitusainia mnyororo na kuzisahihisha karatasi moja moja. Mingi ya milima hiyo haikuwa imemdhuru mtu bado. Mahali pamoja mzee aliyekuwa amefaidika alitufukuza kwa mawe, na alikuwa na shabaha nzuri kwa umri wake. Mahali pengine, juu ya Kabare, tulipima, tukasahihisha, tukaenda na karatasi mpya kuitafuta familia iliyopunjwa. Nyumba haikuwepo. Migomba ilikuwa imekatwa zamani. Jirani alituambia waliondoka baada ya kushindwa kesi, walikwenda Shabunda kutafuta dhahabu, na hakuna aliyejua upande gani. Karatasi ile ninayo nyumbani. Nimeuliza kila mtu anayetoka Shabunda, na nitaendelea kuuliza.

Mpaka siku mliponiaga tulikuwa tumemaliza kumi na sita. Imebaki mitatu: miwili juu ya Kamanyola, kwenye ule mteremko mbaya, na mmoja nyuma ya Kavumu. Bisimwa haoni vizuri tena, na magoti yangu yamekuwa ya Papa Cirhuza. Murhula ana daftari, kurasa zimekunjwa. Nendeni wawili, msiende mmoja. Wa chini ashike timazi na asiharakishwe. Na mkifika, kabla ya kufungua mnyororo, ulizeni kwanza kama wenyewe bado wanaishi pale.